Isale la Mama Mkwe

Ulimwacha Eunike mlangoni kwake asubuhi na mapema, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akimtazama mama mkwe aliyesimama kwenye umande na jani la isale mkononi. Basi bado wako pale pale. Vuta kigoda ukae.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, nakupa kwa kifupi, maana hadithi hii hainipi raha kuirudiarudia. Eunike ni mwalimu wa malezi katika shule moja ya bweni huko kwenye miteremko ya Meru, shule yenye bustani nzuri na geti jeupe. Ndeshi, mtoto wa darasa la tano, alimjia akamwambia kwa kunong'ona mambo anayotendewa na mlezi wa bweni, mambo ambayo mtoto hapaswi hata kuyajua. Mlezi huyo anaitwa Hans. Na Hans ni kaka mkubwa wa Sifael, mume wa Eunike.

Eunike alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Madam Fransiska. Madam akamjibu, "Niachie mimi, tutalishughulikia ndani." Likakaa ndani, likaozea ndani.

Haya yote kanisimulia mwenyewe, kwenye kibanda cha chai Lemara, macho mekundu, chai imepoa. "Andika hivyo hivyo," akaniambia. "Usinipunguzie." Sipunguzi.

Wasiotoka kwetu mlimani waelewe jambo moja. Isale ni jani refu la kijani, tunalipanda mipakani kwenye migomba. Lakini mtu akikuletea mkononi, amekuja kuomba msamaha. Ukilipokea umesamehe, na neno hilo halifufuki tena. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo.

Na huyu mama mkwe, Bibi Elinipa, alikuwa hajakanyaga kwa Eunike tangu ndoa. Kosa la Eunike lilikuwa nini? Binti wa mjini Kijenge, Mkatoliki, akafunga ndoa bomani na kijana wa Kilutheri bila kumngoja mama. Akajifungua watoto watatu, na bibi yao hakuja na bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wa mzazi, hata mara moja. Mtori wa uzazi akapikiwa na jirani. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

"Shikamoo mama," Eunike akasema.

"Marahaba, Mama Frederick."

Mama Frederick! Miaka yote alikuwa anaitwa "yule wa Sifael".

Bibi Elinipa akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Nimechelewa, mwanangu, lakini nimekuja."

"Karibu ndani kwanza mama, baridi hii..."

"Siingii mpaka upokee."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Sema kweli. Isale haliulizwi. Hakuna mtu kwetu anayemtazama mzee aliyekuja na isale akamuuliza, "La nini hilo?" Utaonekana umelelewa porini. Na Eunike wala hakuona cha kuuliza, maana deni la mtori alilijua yeye, na mama mkwe alilijua.

Akapokea. Akalia kama mtoto. Wakakumbatiana pale mlangoni mpaka kuku wakawashangaa.

"Yameisha, mwanangu?"

"Yameisha, mama. Yameisha kabisa."

Maskini wa Mungu! Kinywa chake mwenyewe kilitamka.

Jumamosi ukoo wote ukakusanyika kwa Bibi Elinipa. Mbuzi akachinjwa, ndizi zikapikwa, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando ikapakuliwa kwa mabakuli makubwa. Eunike akakalishwa karibu na mama mkwe, akapewa kijiko cha kwanza. Anasema siku ile alijiona mtu. Anasema hata kilemba alikifunga vizuri kuliko siku ya ndoa yake.

Walipokuwa katikati ya kula, Mzee Sumari akasimama. Huyu ndiye mshili, kiongozi wa ukoo, na akisimama hata mbwa hunyamaza.

"Wote mmeona," akasema. "Mke wa Sifael amepokea isale la nyumba hii. Kalipokea kwa mikono miwili na kwa machozi. Kuanzia leo hakuna neno kati yake na sisi. La zamani limekwisha. Na hili la juzi la shuleni, la Hans, nalo limekwisha. Atakayelifukua, isale limrudie yeye na kizazi chake."

"Limekwisha!" ukoo ukaitikia.

Eunike akamgeukia mama mkwe. Bibi Elinipa alikuwa anatazama bakuli lake.

Upande wa pili Hans akanyanyua kikombe. Mtu mwenye sura ya upole, huyo, shati limepigwa pasi, kila mzazi anampenda. "Asante sana shemeji," akasema. "Mungu akubariki."

Eunike alitaka kusimama aseme. Lakini watu arobaini wanakutazama, kijiko chao kiko mkononi mwako, nyama yao iko tumboni mwako. Utaanzia wapi?

Wakati wa kurudi nyumbani, kwenye njia ya katikati ya migomba, akamshika mumewe mkono wa shati.

"Ulijua?"

Sifael akaendelea kutembea.

"Baba Frederick, nakuuliza. Ulijua isale lile lilikuwa la nini?"

"Mama alinililia. Kalala chini, mama yangu mzazi, anagaragara. Ungetaka nifanye nini? Hans ni kaka yangu."

"Na Ndeshi ni nani?"

"Mtoto wa watu."

"Ndiyo," Eunike akasema. "Mtoto wa watu."

"Mke wangu, limekwisha. Umepokea."

"Nilipokea la mtori! La Ndeshi sikulipokea mimi. Aliyekosewa ni yeye, mimi nitamsamehe mtu kwa niaba yake kwa mamlaka gani?"

"Isale halina vipande," Sifael akajibu, akaongeza mwendo.

Jumapili yake Frederick akapata homa. Mtoto akawa wa moto, anaweweseka. Eunike akamkanda kwa maji huku maneno ya Mzee Sumari yakimzunguka kichwani: yeye na kizazi chake. Usimcheke, tafadhali. Wewe mwenyewe unajidai msomi, lakini bundi akilia juu ya bati lako unaacha kumalizia chakula. Homa ikashuka baada ya dawa, lakini hofu haikushuka nayo. Eunike anasema ndipo alipojua amefungwa, na kamba ameishika mwenyewe.

Jumatatu Madam Fransiska akamwita ofisini. Akamkaribisha kiti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwalimu Eunike, nimesikia mmekaa kifamilia. Hongereni sana. Unajua nilikuwa mbioni kupiga simu ustawi wa jamii?"

"Ulikuwa mbioni tangu mwezi uliopita, Madam."

Madam akatabasamu. Ana tabasamu moja tu, la kuwapokea wazazi getini. "Sasa niwaambie nini ustawi? Kwamba familia imelimaliza, halafu shule inalianzisha? Nyinyi ndio mlikuwa walalamikaji, na mmesameheana."

"Mlalamikaji ni mtoto."

"Mtoto ana miaka kumi na moja. Leo anasema hivi, kesho vile. Mwalimu, hawa Ndeshi na mdogo wake Susana ni yatima, bibi yao yuko Nduruma huko na mbuzi wawili. Shule hii inawasomesha bure. Likitoka nje, wafadhili wakakimbia, watakwenda wapi? Unawasaidia au unawaua?"

Hapo alimpata. Hata hivyo Eunike akasema, "Basi angalau mtoe Hans bwenini. Mpe darasa, mpe shamba, mpe chochote. Usimwachie bweni la wasichana."

"Nikimtoa, watu watauliza kwa nini katolewa."

Ewe msomaji, isome tena sentensi hiyo. Mtu mwenye digrii mbili ndiye aliyeisema, mchana kweupe, chini ya picha ya watoto waliovaa majoho ya mahafali. Nilipoisikia nilimwaga chai.

Eunike akatoka nje, akamtafuta Ndeshi. Alimkuta kwenye matangi ya maji anafua soksi za mdogo wake. Mtoto alipomwona akainamisha kichwa, akafua kwa nguvu zaidi.

"Ndeshi."

"Shikamoo mwalimu."

"Mbona siku hizi hunijii?"

Povu likaongezeka.

"Ndeshi, mwanangu. Ameendelea?"

"Mwalimu Hans ametuambia mmepatana," mtoto akasema bila kuinua macho. "Ametuambia mmekula mbuzi. Kasema sasa hata Mwalimu Eunike ameona hana kosa."

Kumbe lile jani halikumfunga yeye peke yake. Mtoto alikuwa na mtu mzima mmoja tu duniani wa kumwambia, na mtu huyo kaonekana anakula nyama kwa mwenye kosa.

Hapo hofu ikampanda kichwani ikageuka hasira. "Acha soksi," akasema. "Vaa viatu. Twende."

Hakuaga mtu. Wakapita nyuma ya jiko, wakashuka kwenye mibuni hadi barabarani, akasimamisha bodaboda. Wakapanda mshikaki, mtoto katikati, mpaka mjini. Njia nzima Ndeshi aliuliza jambo moja tu: "Na Susana?" Eunike akamjibu, "Susana tutamfuata baadaye." Anaposimulia hapo huwa anazungusha kikombe. Siku ile aliona mdogo yule yuko salama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtaja.

Kituoni wakapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Chumba kidogo, meza moja, viti vitatu, mdoli mmoja asiye na mguu. Afande aliyewapokea aliitwa Soila, mama wa makamo, mrefu, sauti ya chini.

"Karibu mwalimu. Karibu mwanangu. Nani ataanza?"

Eunike akafungua kinywa, akaeleza kwa mafungumafungu, mpaka akafika kwenye isale, akakwama.

"Ulipokea?" Soila akauliza.

"Nilipokea."

"Mimi ni Mwarusha, mwalimu. Sisi tuko upande ule wa mlima, na sisi pia tuna mambo yetu, wazee wetu wanamaliza kesi kwa kondoo. Lakini kondoo hajui sheria. Sheria inasema anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa. Haijasema isipokuwa aliyekula nyama." Akamgeukia Ndeshi. "Mwanangu, hapa hakuna atakayekugombeza. Nataka nisikie kwako mwenyewe."

Ndeshi akafungua mdomo. Haki ya Mungu, alikuwa anasema! Eunike aliona neno linakuja.

Mlango ukagongwa.

Akaingia Madam Fransiska, na nyuma yake Sifael, kofia mkononi; kumbe mpishi aliwaona wakipita nyuma ya jiko, Madam akakisia waliko, akampitia Sifael. Nje gari la shule lilikuwa bado linanguruma.

"Afande, tunashukuru Mungu," Madam akasema, mkono kifuani. "Mtoto huyu ametoroshwa shuleni bila ruhusa. Tumehangaika! Nimekuja kumchukua, na huyu mwalimu nalazimika kumlalamikia, ingawa inaniuma."

"Hajatoroshwa," Eunike akasema. "Nimemleta kwenye sheria."

"Mama Frederick," Sifael akaingilia kwa upole, "mbele ya afande naomba useme kweli. Hukupokea isale? Hukusema yameisha?"

"Nilisema."

"Afande umesikia."

"Nimesikia," Soila akajibu. "Na bado sijamsikia mtoto. Kaeni."

Madam hakukaa. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Ndeshi, akamfunga vizuri kifungo cha sweta, akasema kwa sauti ya mama mzazi: "Ndeshi mwanangu, Susana analia, anakutafuta. Nimemwachia Mwalimu Hans ambembeleze mpaka tutakaporudi."

Ni hayo tu. Uyasome upya uone kama kuna tusi ndani, kama kuna kitisho. Hakuna. Afande Soila aliyekuwa anatafuta kalamu hakuona kitu. Sifael hakuona kitu. Mpaka leo Eunike hajui kama Madam mwenyewe alijua anachokisema.

Lakini Ndeshi alisikia. Lile neno lililokuwa njiani likarudi lilikotoka.

"Haya mwanangu," Soila akasema. "Mwalimu hapa anasema Hans amekutendea mabaya. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Ndeshi!" Eunike akaruka.

"Mwalimu, mwache," Soila akasema.

"Si kweli," mtoto akarudia, macho kwenye mdoli. "Mwalimu Eunike amekosea. Naomba nirudi shule. Naomba turudi sasa hivi."

Madam akasimama, akapangusa magoti. Sifael akashusha pumzi. Soila akaweka kalamu mezani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo hili likiisha hivi mara nyingi.

"Mwalimu Eunike," akasema, "mtoto amekana, na shule inakulalamikia kwa kumtoa. Nitalazimika kukubakiza hapa tuandikishe maelezo. Mtoto ataondoka na mwalimu mkuu wake."

Fikiria ulimwengu ulivyomfunga mwanamke huyu. Mumewe upande ule. Ukoo upande ule. Shule upande ule. Na sasa mtoto mwenyewe aliyemtetea amesimama upande ule, anavuta mkono wa Madam waondoke haraka.

Haraka! Hiyo haraka ndiyo iliyomzindua Eunike. Mtoto anayemwogopa mtu, mbona anakimbilia aliko?

"Afande, ngoja. Nifunge, sikatai, nifunge hata mwaka. Ila muulize Madam swali moja. Susana yuko na nani sasa hivi?"

"Si nimesema?" Madam akajibu. "Yuko na Mwalimu Hans."

"Susana ni nani?" Soila akauliza.

"Mdogo wake. Darasa la pili."

Soila akamtazama Ndeshi. Mtoto alikuwa ameng'ata mkono wa sweta, anatetemeka mpaka kiti kinagonga ukuta. Afande akamgeukia Madam, na sauti ile ya chini ikashuka zaidi.

"Madam, mtu analalamikiwa kwa mtoto mmoja, nawe ukiondoka unamwachia mdogo wake? Nipe namba ya bweni."

"Afande, hakuna haja ya..."

"Namba."

Simu ikaita, ikawekwa spika. Matroni wa bweni akapokea.

"Hapa ni polisi, dawati la watoto. Susana yuko hapo?"

"Susana? Hayupo, afande. Katoka na Mwalimu Hans. Alisema anamleta huko kituoni kwa dada yake. Wameondoka mara tu gari la Madam lilipotoka getini. Kwani hawajafika?"

Soila akakata simu.

"Mimi sikumwagiza," Madam akasema, na kwa mara ya kwanza lile tabasamu likampotea. "Sikumwagiza alete mtoto popote."

"Kaja na nini?" Sifael akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Gari tunalo sisi." Akapapasa mfuko wa suruali, akapapasa wa pili. Rangi ikamtoka usoni. "Pikipiki yangu. Aliniomba ufunguo asubuhi. Nikampa. Mama Frederick, mimi nikampa!"

Eunike alimtazama tu mwanamume aliyemwita Ndeshi "mtoto wa watu".

Soila alikwisha kufika mlangoni, anamwita dereva kwa sauti iliyotikisa madirisha. Akageuka. "Huyu Hans ana nyumba wapi? Ana shamba? Ana rafiki? Anaweza kwenda wapi na mtoto?"

Sifael akatikisa kichwa. Kaka yake wa damu, aliyemchinjia mbuzi, na hajui anakokwenda.

Ndipo Ndeshi aliposhuka kwenye kiti. Akampita Madam, akampita Sifael, akampita hata Eunike, akaenda kumshika Afande Soila upindo wa sare.

"Afande," akasema. "Mimi najua anakotupelekaga."